Nitinoli, aloi ya shaba au chuma chenye kumbukumbu: ipi inafaa kazi yako?

Chukua waya wa nitinoli wa unene wa milimita moja, ule uliofundishwa kunyooka. Uzungushe kidoleni mara nne, tano, mpaka ufanane na springi ya kalamu. Utakubali bila ubishi, laini kama waya wa kufungia nondo. Sasa utumbukize kwenye kikombe cha chai iliyotoka jikoni. Unanyooka palepale. Ukiwa umeushika ncha utausikia unavyosukuma, na kama kikombe kimejaa mpaka ukingoni, nguo yako italoa.

Mchezo huu nimewafanyia wanafunzi wa uhandisi mara nyingi, na swali linalofuata ni lile lile: "Mwalimu, waya huu unauzwa wapi?" Swali zuri, ila limeruka hatua. Nitinoli ni moja tu ya familia tatu za aloi zenye kumbukumbu ya umbo ambazo mtu anaweza kuzipata na kuzifanyia kazi ya maana. Zipo za shaba, na zipo za chuma. Nimeona miradi ikikwama kwa sababu mtu alifuata ile yenye sifa nyingi akaiacha ile iliyofaa kazi yake. Kwa hiyo mtu akinijia na mchoro wake, kabla hajafika kwenye bei namuuliza: kitu chako kinatakiwa kukumbuka mara ngapi? Mara moja, mara mia, au mara milioni? Wengi hawajawahi kujiuliza, na nusu ya ubishi huishia hapo.

Kumbukumbu yenyewe inakaa wapi

Atomi za aloi hizi zina namna mbili za kujipanga. Joto likiwa juu zinasimama wima, mpangilio unaoitwa austenaiti. Joto likishuka zinainama, zinakuwa martensaiti, jina lililotokana na Adolf Martens, mtaalamu wa metali wa Ujerumani. Katika nitinoli na aloi za shaba haziinami zote upande mmoja. Safu hii inalalia kushoto, inayofuata kulia, kama miyaa kwenye ukili, na kwa nje umbo linabaki vilevile. Ukija wewe ukalipinda, safu za kushoto zinageukia kulia. Hakuna atomi iliyomwacha jirani yake. Imebadilisha tu ubavu wa kulalia. Ukipasha moto zote zinasimama, na kila moja inajikuta pale ilipokuwa mwanzo. Waya wa kawaida ukiupinda, atomi zinateleza na kuhamia kwa majirani wapya, na safari hiyo haina kurudi.

Tabia ya pili ni hii: aloi ikiwa tayari katika joto la juu la kutosha, haihitaji kupoa ili iiname. Nguvu ya mkono inaiinamisha, na ukiachia inasimama yenyewe. Huo nitauita unyumbufu mkubwa. Ndio unaofanya fremu ya miwani ikaliwe kwenye kochi na kurudi kama ilivyokuwa, na ndio ulio katika nyaya nyingi za kupangia meno. Waya uleule unaweza kuonyesha tabia ya kwanza kwenye baridi na ya pili kwenye joto.

Mwaka 1932 Msweden Arne Ölander aliona unyumbufu wa namna hii kwenye aloi ya dhahabu na kadimi, lakini nani angetengenezea mashine dhahabu? Mambo yalibadilika mwaka 1959, katika maabara ya silaha ya Jeshi la Majini la Marekani huko White Oak, Maryland. William Buehler, aliyekuwa akitafuta metali ya kichwa cha kombora, alipata aloi ya nikeli na titani ambayo kipande chake cha moto kikianguka sakafuni kinalia kama kengele, na kilichopoa kinatoa kishindo kizito. Mwaka 1961 ukanda wa aloi hiyo, umekunjwakunjwa, ulikuwa ukipitishwa mkono kwa mkono kwenye mkutano wa wakubwa. David Muzzey, mvuta kiko, akausogezea moto wa kiberiti chake cha gesi. Ukanda ukanyooka. Jina nitinoli limeunganishwa kutoka nikeli, titani na herufi za kwanza za jina la maabara ile, Naval Ordnance Laboratory.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima familia zote tatu kwa mambo matano: zinarudi kiasi gani na mara ngapi, zinafanya kazi katika joto gani, zinahitaji ufundi gani kuyeyushwa, kukerezwa na kuchomelewa, zinapatikana vipi na kwa gharama gani, na zinazeekaje. Sitatoa alama kumi kwa kumi. Sifa ileile ambayo kwa mtu mmoja ni kasoro, kwa mwingine ndiyo anayoilipia.

Nitinoli: inayokumbuka mara nyingi

Kwa kiasi cha kurudi, hii inaongoza. Inaweza kuvutwa hadi asilimia 8 ya urefu wake na kurudi, wakati chuma cha nondo kikipita asilimia moja kimeshapotea njia. Lakini asilimia 8 ni ya mara chache. Anayetaka waya wake uvute na kulegea makumi ya maelfu ya mara hupaswa kubaki chini ya asilimia 4, na anayetaka mamilioni ashuke zaidi. Mrija wa nitinoli unaowekwa kwenye mshipa wa damu karibu na moyo hutikiswa takriban mara milioni 40 kwa mwaka, na unavumilia kwa kuwa kila mtikiso ni mdogo sana.

Kuhusu joto, aloi za kawaida za nikeli na titani zinafanya mageuzi yake, yaani kule kusimama na kuinama kwa atomi, chini ya nyuzi 100 hivi, na zinaweza kutengenezwa zifanye hata kwenye baridi kali ya chini ya sifuri. Hapa pana mtego. Ukiongeza nikeli kwa sehemu moja tu katika atomi elfu, joto la mageuzi linashuka kwa takriban nyuzi 10. Ndiyo sababu hakuna fundi wa mtaani atakayekuyeyushia nitinoli. Titani iliyoyeyuka inanyonya oksijeni na kaboni kwa pupa, hivyo tanuri lazima liwe la ombwe, na mizani lazima iwe ya kuaminika kuliko ya duka la dhahabu.

Niliwahi kuagiza mita tano za waya ulioandikwa kuwa wa nyuzi 70 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Ulifika baada ya wiki tano. Mwanafunzi wangu akaufungua, akaukunja, ukamrukia usoni na kunyooka bila hata kuonja moto. Ulikuwa wa unyumbufu mkubwa, kwa wavuvi ni waya mzuri wa kuzuia samaki asikate ndoana, kwetu ni hasara. Tarehe ya kuwasilisha mradi haikusogea.

Kuifundisha umbo, hata hivyo, mtu anaweza kufanya mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi; nitinoli ikunje ikiwa imefungwa kwenye moto. Unapiga skrubu za chuma kwenye bamba nene kufuata umbo unalolitaka, unauzungusha waya na kuubana ncha zote mbili, kwa sababu ukianza kupata joto utajaribu kurudi kwenye umbo lake la zamani na utajinasua. Unauingiza kwenye tanuri la nyuzi 500 kwa dakika kumi hivi, kisha bamba na vyote unatumbukiza majini. Waya unatoka na rangi ya manjano ya majani makavu au bluu, ambayo ni ngozi ya oksidi. Zingatia kipimajoto cha tanuri: nyuzi 50 zaidi au muda mrefu zaidi na tabia ya waya imebadilika. Kuikereza ni kazi nyingine, inakula ncha za kisu. Kuichomelea na chuma cha kawaida kunaleta kiungo kinachovunjika kama kigae, na watu wengi huishia kuibana kwa kishikizo cha kukandamiza.

Faida inayopendwa na wanafunzi wa umeme ni ukinzani wake mkubwa. Waya wa milimita 0.15 ukipitishiwa takriban ampia 0.4 unapata moto, unajikunja na kuvuta uzito unaozidi gramu 300, bila mota, bila gia, bila kelele. Kulegea ndiko kunakochelewa, kwa kuwa lazima upoe kwanza, na waya mnene unachelewa zaidi. Umeme mwingi unaishia kuwa joto tupu, kwa hiyo kifaa cha betri ndogo kinachotakiwa kufanya kazi mchana kutwa kitafute njia nyingine.

Bei ni ya kutia uchungu, na nyaya nyembamba huuzwa kwa mita kama kitambaa cha harusi. Watu huniambia, "Lakini nikeli tunayo Kabanga, na Kwale walichimba mchanga wa titani!" Ni kweli, na kati ya mchanga ule na waya huu kuna viwanda vinne au vitano ambavyo havipo Pwani wala Kagera. Mchanga wa titani wa dunia kwa sehemu kubwa unaishia kwenye rangi nyeupe ya ukutani.

Uzee wake ni wa heshima. Ngozi ya oksidi ya titani inaukinga dhidi ya kutu hata ndani ya mwili, ingawa wenye mzio wa nikeli huulizwa kwanza. Adui wake ni uchovu wa metali: unafanya kazi vizuri, vizuri, halafu siku moja tap!

Nitinoli inawafaa wanaotaka kitu kidogo kinachorudi mara nyingi. Kuna kitu kikubwa pia kinachotaka kurudi mara nyingi: jengo kwenye tetemeko, ambalo hutikiswa na kurudi makumi ya mara ndani ya dakika moja. Reginald DesRoches, mhandisi aliyezaliwa Port-au-Prince, Haiti, na tangu 2022 rais wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, sehemu kubwa ya utafiti wake aliifanya hapo hasa: fito nene za nitinoli za kuzuia sehemu za daraja zisiachane, kisha zirudishe daraja mahali pake. M. Saiid Saiidi wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, alisukuma wazo hadi likawa zege. Kule Seattle, kwenye njia ya kutokea ya barabara ya SR 99 iliyofunguliwa mwaka 2017, nguzo zina fito za nitinoli badala ya nondo kwenye ile sehemu ya juu tu ambayo tetemeko huipinda, zikiunganishwa na nondo za kawaida kwa viunganishi maalumu. Sehemu nyingine zote ni nondo za siku zote. Nawapenda wahandisi wa namna hiyo, wanaoweka kitu cha ghali pale tu kinapolipa.

Aloi za shaba: za bei nafuu, zenye masharti

Hapa kuna ndugu watatu: shaba na zinki na alumini; shaba na alumini na nikeli; na mdogo wao, shaba na alumini na manganizi.

Zinarudi takriban asilimia 4 zikiwa za kawaida, yaani zenye punje nyingi ndani (punje ni kipande kidogo cha metali ambacho atomi zake zote zimejipanga kwa mwelekeo mmoja), na kwa kazi ya kurudiarudia mtu mwenye busara hukaa chini ya hapo. Mara mia chache ni sawa. Mara laki moja usiahidi. Kwa joto, ile ya zinki inafanya kazi chini ya nyuzi 120 hivi, ila ile ya nikeli inapanda mpaka karibu nyuzi 200, na hapo inaipita nitinoli ya kawaida. Mwenye kifaa kinachotakiwa kufunguka karibu na injini au tanuri, huyu ndugu wa pili amtazame kwanza.

Ufundi wake ndio uliovutia watu wa vyuo visivyo na fedha, na mimi nikiwemo. Tanuri la kawaida la kuyeyushia linatosha. Tatizo ni kwamba shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085 wakati zinki inachemka kwenye 907. Ukiitupia zinki ndani ya shaba iliyoyeyuka bila kujipanga, utaiona ikiondoka kama moshi mweupe, na pamoja na mapafu yako, hesabu ya aloi imeharibika. Asilimia chache za zinki zilizopotelea hewani ni makumi ya nyuzi kwenye joto la mageuzi. Fundi mzoefu anaweka zinki mwisho, anafunika, na anaongeza kidogo ya kufidia. Hata hivyo kila chungu kinachotoka kina tabia yake, na lazima ukipime.

Kisha kuna kuzimisha majini. Aloi hizi zinapashwa kufika nyuzi 800 na zaidi, zikae dakika kadhaa, halafu zitumbukizwe majini mara moja, kwa sababu zikipoa polepole mpangilio unaotakiwa unaoza na kumbukumbu haipo. Kipande changu cha kwanza cha shaba, alumini na nikeli nilikitoa tanuri kwa koleo nikijisifu, nikakitia kwenye ndoo. Kikasema "tii," na nilipokiinua kilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo, umefuata mipaka ya punje kama mto unavyofuata bonde. Kosa halikuwa la maji. Punje za aloi hii hukua kubwa, na kila moja hubadilika umbo kwa kiasi tofauti kulingana na upande, hivyo zinasukumana kwenye mipaka yake. Wenye ujuzi huongeza chembe ya boroni, titani au zirkoni ili punje zibaki ndogo.

Ndugu wa tatu ndiye anayenifurahisha. Ukipunguza alumini na kuweka manganizi, aloi inalainika kiasi cha kuvutwa kuwa waya ikiwa baridi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, wakiwemo Ryosuke Kainuma na Toshihiro Omori, walionyesha mwaka 2013 kwamba ukiipasha na kuipoza kwa zamu, punje zake hukua bila kiasi, mpaka kipande kizima kinakaribia kuwa punje moja. Hapo hakuna mipaka ya kupasukia, na unyumbufu unakaribia ule wa nitinoli. Kwa hiyo punje kubwa, zilizonivunjia kipande changu, zikiwa kubwa kupita hapo zinageuka dawa. Japani aloi hii imetengenezewa kibanio kidogo cha kunyoosha ukucha wa dole gumba unaoota kuingia nyamani. Fito nene zake zimejaribiwa pia kwa ajili ya nguzo za madaraja.

Gharama ya malighafi ni ndogo ukilinganisha na nitinoli. Shaba ya Kolwezi na Lubumbashi inapita bandarini Dar es Salaam kila siku, safi kabisa. Ila tafadhali usianze na waya chakavu wa mtaani. Hujui ulichanganywa na nini, na aloi hizi hazisamehe. Jambo jingine: shaba inapitisha umeme vizuri mno. Waya wake haupati moto kirahisi kwa mkondo, kwa hiyo mwenye wazo la kuuendesha kwa betri na swichi atavunjika moyo. Inapendeza pale ambapo joto linatoka nje, kwenye maji au hewa, kwa kuwa inalipokea na kulitoa upesi. Ndiyo maana miaka ya nyuma zilitumika kwenye vali za maji ya moto na vifungua dirisha vya vibanda vya mimea.

Uzee ndio udhaifu wake. Zikikaa muda mrefu kwenye joto la mia na kitu zinabadilika ndani, na hata zikikaa tu zikiwa martensaiti zinaweza kung'ang'ania hapo, kama mzee aliyekalia kiti cha kamba mpaka kikachukua umbo lake. Utaipasha, nayo itarudi nusu.

Zinawafaa wanaojifunza kuyeyusha aloi wenyewe, wenye vifaa vinavyofunguka mara chache kwa joto la nje, na watafiti wanaotafuta eneo lenye maswali mengi na gharama ndogo.

Chuma chenye kumbukumbu: kinachokumbuka mara moja

Mwaka 1982 watafiti wa Japani walitangaza kwamba chuma chenye takriban asilimia 30 ya manganizi na silikoni kidogo kinakumbuka umbo. Kurudi kwake ni kwa asilimia 2 hadi 4, tena mara nyingi baada ya kufundishwa kwa kuvutwa na kupashwa kwa zamu. Kwa kawaida hakirudi na kurudi. Ukikitengenezea springi ya mchezo wa kikombe cha chai, wageni watalala. Na pengo kati ya joto la kuinama na joto la kusimama linazidi nyuzi 100.

Pengo hilo vitabu huliorodhesha kwenye kasoro. Sasa sikiliza habari ya viunganishi vya mabomba. Ndege za kivita za F-14 za Marekani zilitumia pete za aloi ya nitinoli kuunganisha mabomba ya mafuta ya haidroliki. Pete inapanuliwa ikiwa baridi sana, inavalishwa, ikipata joto la kawaida inajibana mpaka haivuji. Lakini ili isijibane kabla ya wakati ilibidi ihifadhiwe kwenye naitrojeni kimiminika mpaka dakika ya kuvalishwa. Hebu niambie nani atabeba naitrojeni kimiminika hadi mtaro wa bomba. Pete ya chuma chenye kumbukumbu, kwa sababu ya pengo lake pana, inapanuliwa kiwandani na kukaa kwenye rafu ya stoo ya mabati bila kukumbuka chochote, hata jua la Februari likiwaka. Siku ya kazi fundi anaivalisha, anaipitishia moto wa gesi, inabana, basi. Japani kimetumika hivyo kwenye mabomba, na kwenye viungo vya reli za winchi kubwa.

Ufundi ndio raha yake. Kinayeyushwa kwenye matanuri ya chuma ya kawaida, kwa tani, kinakerezwa na kuchomelewa na watu wanaojua kazi ya chuma. Kikiongezewa kromi na nikeli kinastahimili kutu kwa namna ya chuma cha pua. Bei iko karibu na ya chuma cha pua kizuri kuliko ya nitinoli, na kwa kazi ya tani kadhaa hakuna mjadala.

Mahali kinapong'aa ni kwenye zege. Taasisi ya Empa ya Uswisi imefanya miaka mingi ya utafiti wa kuimarisha mihimili ya zamani kwa fito na mikanda ya chuma hiki, chenye takriban asilimia 17 ya manganizi, pamoja na kromi, nikeli, silikoni na chembechembe za kabidi ya vanadi. Mkanda unavutwa kiwandani, unafungwa chini ya mhimili uliochoka, halafu unapashwa hadi nyuzi 160 au zaidi kidogo kwa umeme au moto wa gesi. Unataka kujikunja, ncha zimebanwa, hivyo unaishia kuvuta zege kwa mkazo wa megapaskali mia tatu na kitu. Hakuna jeki, hakuna mafuta ya pampu, hakuna nafasi ya fundi kusimama na mashine nyuma ya ukuta. Kumbukumbu hapa inatumika mara moja tu, na mara hiyo moja inatosha kwa maisha ya jengo.

Kuhusu uzee kuna jambo la ajabu kidogo. Takahiro Sawaguchi wa taasisi ya NIMS, Japani, na wenzake walitengeneza ndugu ya chuma hiki kwa ajili ya vizuia mtikisiko. Hakikumbuki kwa moto. Tetemeko likikisukuma upande huu, atomi zinageuka, likikirudisha zinageuka nyuma, na kwa hiyo kinachelewa sana kuchoka kuliko chuma cha kawaida. Vizuizi hivyo viko kwenye jengo refu la JP Tower mjini Nagoya.

Chuma hiki kinawafaa wahandisi wa majengo, mabomba na reli. Hakimfai anayetaka kifaa kinachosogea.

Vipi kuhusu nyingine?

Zipo plastiki zenye kumbukumbu, nyepesi na zinazorudi kwa asilimia kubwa sana, lakini nguvu zake ni ndogo. Zipo aloi za nikeli, manganizi na gali zinazoitikia sumaku, za maabara zaidi. Na nitinoli iliyoongezwa hafni inapanda hadi joto la baadhi ya sehemu za injini za ndege, bei nayo inapanda nayo. Kama hujui unazihitaji, huzihitaji bado.

Kwa hali yako

Una mradi wa mwaka wa mwisho, miezi mitano, na unataka mkono mdogo wa roboti au ua linalofumbuka. Nunua nitinoli nyembamba iliyokwishafundishwa, ya nyuzi 70 au 90, na tumia muda wako kwenye saketi na upoozaji. Usitake kuyeyusha chochote. Ukiishi pwani ambako chumba kina nyuzi 33, ile ya nyuzi 90 inapoa haraka zaidi, kwa sababu tofauti na hewa ni kubwa.

Unataka dirisha la kitalu lifunguke lenyewe jua likikolea, mara moja au mbili kwa siku, bila umeme. Springi ya nitinoli inafanya, ya shaba inafanya kwa bei ndogo, nawe kubali kuibadilisha baada ya misimu kadhaa. Kabla ya zote mbili, uliza bei ya kifungulio cha nta inayotanuka. Huenda ukaacha aloi kabisa, na hakuna aibu.

Unatafuta mada ya shahada ya uzamili na maabara yako ina tanuri, hadubini na mashine ya kuvuta, basi. Shaba, alumini na manganizi ni mahali pazuri pa kuanzia, ukipata vipimo vya joto la mageuzi hata kwa kuomba chuo jirani. Chuma cha manganizi na silikoni pia, hasa kama idara ya ujenzi iko tayari kushirikiana nawe. Nitinoli bila tanuri la ombwe itakufanya mnunuzi, na utafiti wako utakuwa wa matumizi tu. Wapo wanaoupenda huo, na una nafasi yake.

Unashughulikia daraja la zamani au ghala lenye mihimili iliyonyufuka. Kwa kukaza, chuma. Kwa kurudi wima baada ya tetemeko, fito za nitinoli au za shaba na manganizi, kwenye viungo tu. Lakini wenzangu wa Bukoba, mlioona kuta zikifunguka Septemba 2016, nyumba ya tofali ya vyumba vitatu haihitaji aloi yoyote kati ya hizi. Inahitaji mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta zote, saruji isiyoibwa kwenye mchanganyiko, na kona zilizofungwa vizuri.

Unatengeneza kitu cha kuingia mwilini. Nitinoli, kutoka kwa mtengenezaji mwenye vyeti vya kitabibu kwa kila kundi la waya. Mengine hayana nafasi hapo.

Na yeyote utakayenunua kwake, mwombe joto la mwisho wa mageuzi liandikwe kwenye ankara, wala lisiishie kwenye picha ya tangazo. Mzigo ukifika, kata kipande cha sentimita kumi, kikunje mbele ya aliyeuleta. Kikibaki kimekunjwa, weka maji jikoni. Kikiruka na kunyooka, usisaini.